Gari Huvuta kwa Nyuma

Kondo tumemzika Ijumaa iliyopita, baada ya sala. Nilitia udongo mara tatu kama wengine, nikanawa mikono, nikarudi kukaa mkekani chini ya turubai. Kwa Wazaramo msiba hauendi bila watani, na sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu enzi za babu zetu waliokuwa wapagazi wa mizigo kutoka bara kuja pwani. Msibani kazi ya mtani ni kumsema marehemu vibaya, kujilaza njiani ili jeneza lisipite, kudai kuku mzima kwa kaburi ambalo hakulichimba, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Kabla jeneza halijatoka ndani, mtu mmoja aliuliza kwa sauti, "Jamani, watani wa Kondo wako wapi?" Wazee wachache waliobaki kutoka Gerezani ya zamani wakageuka kunitazama. Sikuinuka. Akainuka kijana mmoja Mnyamwezi ambaye nadhani hakuwahi hata kusemezana na marehemu. Akajifunga kanga, akaokota fimbo, akaigiza jinsi Kondo alivyokuwa akitembea na gongo lake na mguu wake mmoja. Aliigiza vizuri. Watu walicheka, na mjane, Mwanahawa, naye alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitazama mkeka.

Tangu siku hiyo kila nikiamka ni mwaka mmoja tu ulioko kichwani mwangu, mwaka tuliochagua pikapu. Nimeishi miaka mingi kabla na baada yake, na mingine ilikuwa mizuri, lakini ndio huo ninaoweza kuuona mpaka vyombo vilivyokuwa mezani. Nitausema kama ulivyokuwa.

Mwaka huo ulipoanza tulikuwa na mkokoteni mmoja wa watu wawili. Mimi mbele, kwenye mikono ya kuvutia. Yeye nyuma, akisukuma na kuangalia mzigo usimwagike. Tulibeba magunia kutoka kwenye malori mpaka ndani ya soko la Kariakoo, na vitambaa, na vyuma vya madukani Gerezani. Kondo alikuwa amenizidi miaka miwili hivi. Kila asubuhi aliponiona nikitokea Buguruni kwa miguu alipiga kelele barabara nzima isikie: "Mla michembe! Umeamka, au umetumwa na mamako uje kulala huku?" Nami nilimjibu, "Nimeamka, mla bada. Nilidhani leo ngoma imekushika, nikataka nije na punda." Michembe ni viazi vitamu vya kukausha vya kwetu, na bada ni unga wao wa muhogo. Tulifanya kazi namna hiyo miaka sita. Sidhani kama katika miaka sita hiyo tuliwahi kuambiana neno moja lisilo na tusi ndani yake. Mama yangu alipofariki huko Tabora, nami nikakosa njia ya kufika kwenye mazishi, Kondo alikuja chumbani kwangu, akakaa chini, akasema, "Sasa nani atakutumia michembe, maskini wewe?" Nilicheka, na kile kicheko ndicho kilichonifungua nikalia. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuniliza siku ile. Nayaandika haya ili ieleweke kwamba utani wetu haukuwa upuuzi. Ndiyo lugha tuliyokuwa nayo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Waliokuwa wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni sasa waliona sabuni za rangi tatu zimepangwa barazani. Mizigo iliongezeka Kariakoo kuliko mikokoteni, na malori yaliyoileta yalikuwa makuukuu, mengine yameletwa na meli yakiwa yamekwisha kuchoka kwa watu wengine. Yaliharibika kila mahali. Na masika ilipokuja, yalizama. Lami ilikuwa chache, na bonde la Jangwani likijaa, lori la vitunguu likikwama kando yake lilikaa hapo mpaka vitunguu vikachemka vyenyewe na harufu ikafika sokoni kabla ya mzigo. Mtu mwenye gari la kuvuta alikuwa mfalme kwa miezi miwili. Kondo ndiye aliyeliona hilo. Siku moja tulikuwa tumekaa juu ya mkokoteni tukila mihogo ya kuchoma, akanyoosha kidole kwa lori lililokuwa likivutwa na pikapu moja chakavu, akasema, "Unaona lile dude? Linafanya kazi yako, mpagazi, ila lenyewe halili."

Tulikwenda kumuuliza Fundi Mbaruku. Alikuwa na karakana ya bati karibu na reli, mtu mfupi, grisi imemwingia mpaka kwenye kope. Tulimpelekea chapati na maharage, akala amesimama.

"Mnataka gari la kuvuta au la kuposea?" alituuliza.

"La kuvuta, Fundi," nikasema.

"Basi rangi msiitazame. Tafuteni dizeli kongwe, zile zisizo na akili nyingi. Gari la petroli likinusa maji linakufa, maana moto wake unapita kwenye waya. Dizeli ya zamani haina moto wa kulowa. Itaingia mtoni mpaka kwenye taa na bado itanguruma, mradi pua yake ya kuvutia hewa iwe juu. Ivute magurudumu yote manne, na iwe na ile gia ndogo ya kutambaa. Halafu muiwashe asubuhi ikiwa imelala baridi, nanyi mmesimama hapo. Mkikuta muuzaji ameshaipasha moto, ondokeni, hata kwaheri msimpe."

"Na huyu Mnyamwezi je?" Kondo akauliza. "Naye tumwashe asubuhi akiwa baridi?"

"Huyo hawaki mpaka anywe uji," alisema Fundi, akalamba vidole vyake.

Tulitafuta kiangazi chote. Nyingine ilitoa moshi mweupe usiokwisha, nyingine tulipofungua kifuniko cha maji tukaona mafuta yanaelea juu kama mchuzi wa kuku. Mwishowe zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa Buguruni, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, mbaya kwa sura, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini chesisi yake imenyooka na kavu kama ubao wa mwashi. Injini ndiyo iliyochoka. Fundi Mbaruku aliisikiliza akasema itabidi ifunguliwe, na vipuri vyake visubiriwe, na kwa vyovyote vile masika ingetupita. Ya pili ilikuwa Gerezani, uani kwa Harilal.

Harilal alikuwa mfanyabiashara wa vipuri, mzee wa Kihindu aliyezungumza Kiswahili kisafi kuliko changu. Duka lake lilinuka udi na mpira mpya. Alitukubalia tufike asubuhi mapema, kabla gari halijaguswa. Tulimkuta amesimama uani na kikombe chake cha chai, tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba, wanangu. Ni ile pale. Nimeichukua kwa mkandarasi wa barabara kwa ajili ya injini yake. Chini yake sikupaona, mgongo hauniruhusu kulala, kwa hiyo siwezi kuwaapia. Laleni wenyewe mtazame." Akanipa boksi kubwa la karatasi nilalie nisichafuke. Halafu mteja akamwita, akaingia dukani.

Kondo aliweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. "Baridi," alisema. Akapanda, akasubiri kidogo, akawasha. Ilishika mara moja. Ilikohoa moshi mweusi kiasi cha pumzi moja, halafu moshi ukawa mwembamba, halafu haukuonekana kabisa, na ikabaki sauti ile nzito ya polepole inayofanya vioo vya madirisha vitikisike. Kondo hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa yanang'aa, nami nilijua kwamba kwa upande wake kuchagua kumekwisha.

Mimi nilikuwa nimelala chini, juu ya boksi. Difu ilikuwa kavu, haivuji. Springi zilikuwa nzima, nene. Nikajivuta mpaka nyuma kabisa, pale ambapo boriti ya chuma inaunganisha pande mbili za chesisi na ndipo ndoano ya kuvutia inapofungwa. Chesisi yote ilikuwa na vumbi na grisi ya miaka, lakini boriti ile ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mpya, nene. Nikaigusa. Nikakandamiza kwa ukucha wa kidole gumba, na ukucha ukazama. Chini ya rangi palikuwa na kitu laini kama chokaa iliyolowa, kile wanachozibia mabonde kwenye bodi za magari. Hakikuwa chuma. Nilikandamiza mahali pa pili, ukazama tena. Nililala pale kwa muda, injini ikinguruma juu ya uso wangu, nikautazama ukucha wangu.

Nilitoka chini ya gari, nikajifuta, nikasema: "Huku nyuma, mtani, wamempaka mwali wenu mafuta. Ukimfuta utamkuta bibi kizee."

Wanaojua Wazaramo wanajua mwali ni nini: msichana aliyefungiwa ndani akifundwa, siku ya kutolewa anapakwa mafuta anameremeta, anabebwa kwa ngoma. Kondo aliangua kicheko mpaka akapiga honi bila kukusudia. "Mnyamwezi anajua nini habari za mwali?" alisema. "Nyie mnaoa mzigo, mnaufunga kamba, mnaondoka nao!" Nikacheka na mimi. Harilal aliporudi tulikuwa bado tunacheka, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyekuta mazungumzo ya ndugu. Siku ile ile tukalichukua gari. Mkokoteni tuliuuza kwa watu wawili wa Ilala, na mimi nilishika mikono yake mara moja ya mwisho, imelainika kwa jasho langu.

Jioni ile Kondo alinipeleka kwake. Walikuwa wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na ua nyuma wa kupikia. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, anaombewa rehema chumba cha sita. Mwanahawa alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi ya kisamvu. Samaki wa Feri walikuwa wanakaangwa kwenye jiko la pili na ugali wa bada umeshafunikwa. Kondo alimweleza kila kitu, mikono hewani: injini ilivyoshika, moshi ulivyokatika, vioo vilivyotikisika. Mwanahawa aliendelea kukuna, akauliza, "Kwani gari lenyewe ni la kazi gani?"

"Si ni la kuvuta, mke wangu! Nimekwambia mara ngapi?"

"Na gari huvuta kwa mbele au kwa nyuma?"

"Kwa nyuma."

"Sasa mbona habari yote ni ya mbele?" Akaacha kukuna, akanitazama mimi. Hakuwa akitania. Alikuwa na uso wa mtu anayemuuliza daktari. "Shemeji, huko nyuma mmepatazama?"

Ningeweza kujibu. Nimelirudia jibu hilo mara nyingi maishani, nikiwa naoga, nikiwa nasubiri gari, na ni fupi sana: Nimepatazama, shemeji, pabovu. Badala yake nikasema, "Nimelala chali mimi mwenyewe, shemeji. Nikakuta mwali wa Kizaramo kajifunika. Nikaogopa kumfunua bila mashangazi kuwepo."

Mwanahawa alicheka mpaka kifuu kikamdondoka mkononi. Kisha akasema, "Haya. Kama umepatazama wewe, basi," akarudi kukuna nazi yake. Tulikula sinia moja sisi watatu, na bada ilikuwa laini, na nilikula sana.

Watu wanaweza kudhani nilinyamaza kwa kumwonea haya Harilal, au kwa kutomvunja moyo rafiki yangu. Nami nilijidanganya hivyo kwa muda. Ukweli ni kwamba nililitaka gari. Nilikuwa nimechoka kuwa mbele ya mkokoteni. Nilijua nikisema kwa uso mkavu, tutarudi kwa lile bovu la Buguruni, tutasubiri vipuri, masika itapita, na nitavuta mwaka mwingine mzima. Lakini sikutaka pia kuwa mtu aliyeona akanyamaza. Kwa hiyo nikasema kwa namna ambayo ningeweza kujiambia kwamba nimesema.

Masika ilianza, nasi tukawa wafalme kweli. Kondo alilipa gari jina la Mwali, kwa ajili ya mzaha wangu. Jina likashika. Watu wa malori walitutumia watu, "Kamwiteni Mwali, tumezama Kigogo!" Liliingia kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa mpaka taa zikafunikwa, na liliendelea kunguruma kama Fundi alivyosema. Tulivuta malori ya viazi, ya mbao, basi zima la abiria waliokuwa wamekaa na viatu mkononi. Mimi niliendesha, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na subira na ile gia ndogo. Kondo alikaa nyuma ya gari, chini, kando ya mnyororo. Ndivyo tulivyozoea; miaka sita alikuwa mtu wa nyuma, anasukuma, anatazama mzigo, anapiga kelele. Fundi Mbaruku alimwonya mara moja asimame mbali na mnyororo ukikaza, akamjibu, "Fundi, mimi nisipousindikiza mzigo hauji." Kila jioni nilipokuwa nikilisafisha gari nilipitisha mkono kwenye boriti ile. Rangi haikupasuka. Kila siku iliyopita bila kupasuka nilizidi kuamini kwamba ukucha wangu ulikosea, mpaka ikafika jioni ambayo sikupitisha mkono tena.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu tu. Lori la vitunguu lilikuwa limeteleza kando ya bonde la Jangwani, magurudumu ya nyuma hayaonekani. Dereva wake alikuwa mpole, alituomba tu tufanye haraka. Tukafunga mnyororo. Nikapanda, nikaingiza gia ya kutambaa, nikamsikia Kondo nyuma yangu: "Haya, mpagazi! Vuta! Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe kitunguu kinakushinda?" Nikakanyaga mafuta polepole. Mnyororo ulikaza, gari likainama nyuma kama linalotaka kukaa. Nikaongeza. Kisha kukatokea mlio kama wa mlango wa bati uliopigwa kwa nyundo, na gari likawa jepesi, likaruka mbele.

Nilitazama kwenye kioo. Kondo alikuwa amekaa matopeni, anautazama mguu wake kwa mshangao, kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Boriti yote ilikuwa imeng'oka na ndoano yake, imefyatuka nyuma na mnyororo na kumpiga. Ilikuwa imelala kando yake. Pale ilipokatikia chuma kilikuwa cha kahawia, chembamba kama biskuti, na katikati ya kutu kulikuwa na ile chokaa nyeupe. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hakupiga kelele. Aliniuliza mara mbili tu kama gari limezimwa, lisije likamaliza mafuta.

Hospitali walimkata mguu chini kidogo ya goti. Harilal alikuja na mapapai, akakaa na kofia yake mapajani, akarudi tena siku ya pili na ya tatu. Fundi Mbaruku alienda kuiona ile boriti, akaigeuza kwa ncha ya kiatu, akanitazama. Mimi nilishinda huko wodini kila siku, nikimlisha, nikimwondolea choo, na watu walinisifu. Mama mmoja kitanda cha jirani, aliyekuwa akimuuguza mumewe, aliniambia, "Mwenzio ana bahati ya ndugu." Nikasema, "Mimi si ndugu, ni mtani." Akasema, "Aa, basi ni zaidi."

Aliporudishwa nyumbani masika ilikuwa imekwisha. Alasiri moja nilikwenda na machungwa kwenye mfuko. Chumbani kulikuwa na wageni, wajomba zake kutoka Kisarawe, kwa hiyo nilikaa koridoni kwenye kigoda kusubiri. Nimeshasema kuta za nyumba ile hazikufika juu. Nilimsikia mjomba mmoja akisema, "Na huyo mwenzako aliyekuwa anaendesha? Yeye ndiye aliyelikagua gari, sivyo?"

Sauti ya Kondo ikaja, ya taratibu, bila mzaha wowote. "Mtani wangu msimguse, mjomba. Yeye aliona. Alitoka chini ya gari akaniambia palepale: huyu bibi kizee amepakwa mafuta. Akaniambia waziwazi. Mimi ndiye niliyecheka. Rafiki wa kawaida angeona haya, angenyamaza. Mtani ndiye anayekwambia kweli."

"Basi mtu huyo si wa kupoteza," alisema mjomba.

"Simpotezi," Kondo akasema.

Nilikaa na machungwa yangu. Wageni walipotoka walinishika mkono kwa mikono miwili, mmoja mmoja, na kuniombea dua. Ningeweza kuipokea sifa ile, nikatulia. Mlango wa kuponea ulikuwa wazi na mwenye mguu mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Sijui hata leo kama kilichoniingiza mle ndani kilikuwa uaminifu au kushindwa tu kuubeba mzigo ule peke yangu.

"Mla michembe!" alisema aliponiona. "Umeleta machungwa au maganda?"

"Kondo, nina neno. Na si utani."

"Mnyamwezi akisema si utani, ujue mchele umemwishia. Mwanahawa, mpimie kibaba!"

"Sikukuambia," nikasema. "Siku ile kwa Harilal. Nilikandamiza ile boriti, ukucha ukazama. Mara mbili. Nilijua ni mbovu. Sikudhani, nilijua. Nikatafuta namna ya kusema ambayo nilijua hutaisikia."

Alibaki na tabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho. Nilimwona akisubiri. Halafu tabasamu likashuka lenyewe. Mwanahawa alikuwa amefika mlangoni, ana bakuli la maji ya moto na kitambaa cha kumkandia.

"Nilikuuliza," alisema. Hakupandisha sauti. "Shemeji, nilikuuliza pale uani, kwa kinywa changu."

"Uliniuliza."

Aliweka bakuli chini pale pale mlangoni, akaondoka, na nikasikia kandambili zake zikienda mpaka mwisho wa korido. Redio ilikuwa ikilia chumba cha tatu. Kondo aliivuta shuka ikafunika pale mguu ulipoishia, akainyoosha kwa kiganja, akainyoosha tena ingawa ilikuwa imenyooka. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, hata la mama yangu aliyelala Tabora.

"Ahsante kwa kuniambia, bwana Shija," alisema.

Miaka sita alikuwa ameniita kwa kila jina isipokuwa langu.

Hakunifukuza. Gari tuliliuza kama vyuma, kila mtu akashika njia yake. Harilal alimweka dukani kwake kwenye kaunta, na Kondo akawa muuza vipuri aliyeheshimika Gerezani nzima, mwenye utani na kila Mnyamwezi aliyeingia pale kununua hata nati. Niliwasikia kutoka nje, wakicheka. Nikiingia mimi, alisimama kwa gongo lake, akanipa mkono, akaniuliza habari za watoto kwa majina yao. Alikuja kwenye harusi ya binti yangu, akakaa safu ya mbele, akatoa zawadi nzuri kuliko ya ndugu zangu. Mwanahawa alinipikia kila nilipofika, akaniwekea meza na sahani yangu peke yangu. Kama ningemwacha aamini alichokuwa akiamini, ningebaki na mtani hadi kaburini, naye angebaki na mtani. Nilichukua mguu wake, kisha nikachukua na hilo. Wapo watakaosema kweli ni kweli. Mimi sijaweza kusema hivyo.

Mwezi uliopita, niliposikia hali yake imekuwa mbaya, nilikwenda. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, Mwanahawa anamlisha uji kwa kijiko. Nilikaa kando ya kitanda. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama wa mtu anayejaribu lugha aliyoiacha utotoni, lakini nilisema. "Mla bada wewe," nikasema, "umejilaza hapo kwa ugonjwa, au umeona uji wa bure?"

Kijiko kilisimama hewani. Mwanahawa hakuinua uso. Kondo alinigeuzia macho, akanitazama kwa muda mrefu, na midomo yake ikasogea. Nikainama nimsikie. Akaupapasa mkono wangu uliokuwa juu ya shuka, mara mbili, kwa upole mkubwa.

"Ahsante sana kwa kuja, bwana Shija," alisema. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," nikamjibu.